Mtandao Haukuwa Umekwama

Haya, wewe unayesikiliza, nakutegea: mgeni huyu huingia bila hodi, hukaa katikati ya watu, hali wala hanywi, lakini ukimtaja jina tu, ameshatoka. Ni nani? Usihangaike kunipa mji. Miji nimepewa mingi na sijapata hata mmoja wa kukaa. Nakujibu bure: ni kimya.

Basi huyo kimya alihamia nyumbani kwa mama mmoja fundi cherehani, akapanga chumba, akakataa kuhama.

Mama huyo alikuwa na binti mmoja, wakimwita Kasuku, na hawakumsingizia. Tangu ulimi wake ulipojua njia, haukuwa na breki. Akirudi shule anaanza kusimulia tangu langoni: nani kapigwa na mpira, mwalimu gani kavaa soksi zisizofanana. Mama, midomo imebana pini, anamwitikia kwa nyusi. Wateja walisema nyumba ile ina cherehani mbili, na moja haihitaji uzi.

Siku moja wakiwa mezani, Kasuku alimwambia baba yake, fundi bomba, "Baba, yule mama wa duka la rangi leo kakununulia soda tena. Nimewaona. Ulicheka mpaka ukashika ukuta."

Alilisema kama alivyosema yote, halina nyuma wala mbele. Lakini kijiko cha mama kilibaki hewani. Sahani zilipoondolewa maneno yakaanza, na maneno yakazaa maneno, mpaka baba akasema nyumba imemshinda, anaondoka zake.

Asubuhi Kasuku aliamka, akaoga, akanywa chai, akaenda shule, neno hakutoa. Kesho yake vilevile. Shuleni, mwalimu wake alisema, anaongea na kucheka na wenzake kama zamani. Akivuka kizingiti cha kwao tu, mdomo unafungwa kama duka siku ya msiba.

Baba hakuondoka. "Nitamwachaje mtoto hivi?" alimwambia mkewe chumbani, kwa sauti aliyodhani ni ya chini. "Ngoja apone. Akishapona, kila mtu ashike njia yake."

Mama akakubali. Kwa muda mrefu hawakuwa wamekubaliana jambo bila kugombana, na walipokubaliana, likawa hilo.

Daktari alimulika koo la Kasuku, hakuona kitu. Mama akajaribu kumbembeleza, akajaribu kumfokea, akajaribu kumnunia naye asiseme, akashindwa kabla chai haijapoa. Alikuwa akikaa kwenye cherehani mguu juu ya pedali, pedali haiendi, anamtazama mwanawe akikunja sare yake, na hajui aanzie wapi. Mtoto yupo, anakula, analala, na bado anampotea mbele ya macho.

Ndipo mwalimu akawapa namba ya mshauri wa familia, bibi mmoja aliyeifanya kazi hiyo mpaka kichwa kikawa cheupe, na sasa anaonana na watu kwa simu ya video.

"Mtu wa kwenye simu atatufanyia nini?" baba akauliza. "Mimi bomba likiziba siongei nalo kwa simu. Naenda na spana."

"Na spana yako hiyo, bomba la jikoni linavuja tangu lini?" mama akamjibu.

Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Wakapiga. Simu iliegemezwa kwenye kopo la vifungo, mbali kidogo na pasi, juu ya meza ya kukatia vitambaa, na wote wakabanana kwenye benchi moja, Kasuku katikati, kwa kuwa mshauri alitaka kuona kila uso.

"Shikamoo, mama," wakasema wazazi.

"Marahaba, wanangu. Na mjukuu wangu naye nimemwona."

Wazazi wakamwaga yao yote, mmoja akimkata mwenzie. Mshauri alisikiliza mpaka wakaishiwa. Kisha akamgeukia mtoto.

"Mjukuu wangu, sikuulizi kwa nini umenyamaza. Nakuuliza hivi: siku ukianza tena kusema humu ndani, nini kitatokea?"

Pakawa kimya. Uso wa mshauri kwenye kioo cha simu haukusogea, hata miwani haikutikisika.

"Umekwama," mama akasema. "Mtandao huu nao." Akaitikisa simu, akaikata, akapiga upya. Walipopatikana, mambo yalishapoa, wakaagana.

Mara ya pili baba aliongeza bando, akalisogeza benchi mpaka dirishani. Swali likaja lilelile. Uso ukaganda vilevile. Mama, jicho kwenye kioo, akakata tena.

"Mtu mzima kama yule," alimwambia mumewe, "hana hata mtoto wa kumtafutia mtandao mzuri?"

Mara ya tatu mshauri ndiye aliyetangulia. "Mama, mtandao wenu unanitesa. Kila nikimwuliza mtoto, mnapotea."

"Wetu?" mama akasema. "Samahani, mama yangu, ni wako. Ukishauliza tu unaganda, unakuwa kama picha ya pasipoti."

Mshauri akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akavua miwani.

"Mwanangu, haukuwa umekwama. Nilikuwa namsubiri. Ndivyo ninavyofanya kazi: nikishauliza, nanyamaza, nisimsukume mtu. Kumbe nawe ulikuwa unakata mwenyewe?" Akapumua. "Mara ile ya pili alishafungua mdomo. Nilimwona."

"Alifungua mdomo?"

"Kabisa. Ndipo mkapotea."

Mama akavitazama vidole vyake, vidole vinavyopitisha uzi kwenye tundu la sindano bila msaada wa macho. Mshono ukienda upande, unaufumua, unaanza upya. Huu angeufumulia wapi? Alitaka kumwambia mwanawe pole, akaogopa kuwa hata pole sasa ni kumziba.

"Usimlaumu sana mke wangu," baba akamwambia mshauri. "Bando lililoungua ni langu."

"Baba, nakuomba leo usimsaidie mtu," mshauri akamwambia.

"Mimi nimesema nini?"

"Bado hujasema. Ndiyo maana nakuwahi."

Kisha akarudi kwa Kasuku, na swali akaliweka pale pale lilipokuwa. "Siku ukianza tena kusema humu ndani, mjukuu wangu, nini kitatokea?"

Mama akaikalia mikono yake yote miwili. Kimya kikaja, kikakaa. Nje mtu akapiga hodi, mteja aliyefuata gauni lake. "Fundi, upo? Nasikia pasi inanuka." Mama hakuitika. Mteja akaita tena, akachungulia, akaondoka akinung'unika kuwa mafundi wote ni wamoja. Pasi ilikuwa ya moto kweli, na kipande cha kitambaa chini yake kilianza kubadilika rangi. Mama alikiona. Hakukigusa.

Akasikia bega la Kasuku likipanda na kushuka kwenye mkono wake. Mtoto alimtazama baba yake kwanza. Baba alikuwa ameinama, viwiko magotini, macho kwenye simu. Kisha akamtazama mama. Mama alitamani kusema, sema mwanangu, sema lolote, litakuwa jema. Lakini alijuaje kuwa litakuwa jema? Akauma mdomo.

Mshauri hakupepesa jicho.

Midomo ya Kasuku ikaachana.

"Baba ataondoka," akasema, sauti yake ileile ya siku zote. "Mlisema nikipona."