Wiki Moja ya Mheshimiwa

Nguruwe yule jike aliitwa Mheshimiwa kwa sababu hakujua foleni. Chakula kikimwagwa horini, wenzake walimpisha, naye alikula mpaka akashiba bila kumtazama mtu usoni. Joto lilipozidi, Mheshimiwa akasusa. Alilala kwenye saruji chini ya mabati, mdomo wazi, akihema mbiombio, huku pumba ikichacha horini mbele yake.

Mwenye banda, mjane wa miaka mingi, hakuwa mtu wa kubembeleza mnyama. "Kwangu hapa, asiyekula naye ataliwa," alisema, akampigia simu mchinjaji aje kumchukua.

Mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa muuzaji katika duka la vyakula vya mifugo. Kwa muda mrefu alimtaka nguruwe yule awe wake. Alitaka kuanzia hapo banda lake mwenyewe, dogo tu, nyuma ya nyumba, asiwe kila siku mtu wa kusaidia mali ya mwingine. Hilo alimwambia mumewe peke yake, na mumewe, kama kawaida yake, alisema litazungumzwa.

"Mama, nipe wiki moja," mkamwana alisema. "Nimjaribishie madini."

"Madini? Nguruwe kawa mgodi?"

"Ya kuchanganya kwenye chakula, mama. Zinki, seleniamu, potasiamu na mengineyo. Nguruwe hatoki jasho kama sisi. Joto analitoa kwa kuhema, na kuhema huko kunammaliza."

"Na hayo madini yatamletea baridi?"

"Hapana. Joto litabaki palepale. Yatamsaidia kulivumilia."

"Mimi je, nani ananipa ya kwangu?" mama mkwe aliuliza, akijipepea kwa kipande cha boksi. Lakini wiki aliitoa, na mchinjaji akaambiwa asogeze siku.

Kilichofuata hakikuwa muujiza, na anayependa miujiza atafute hadithi nyingine. Mkamwana alipima unga wa madini kwa kijiko kilichokuja ndani ya pakiti, wala hakuzidisha kwa huruma, maana wanaozidisha kwa huruma ndio wanaoua. Aliuchanganya na pumba alfajiri, na tena jua likishazama, saa ambazo hata binadamu huanza kukumbuka kwamba ana tumbo. Mchana alihakikisha maji hayakauki, akatandaza magunia yaliyolowa juu ya bati. Mwanzoni Mheshimiwa alinusa tu. Kisha akalamba. Wiki ilipokaribia kwisha alimsukuma mwenzake kwa bega, akarudi kwenye nafasi yake mbele ya hori, bado anahema, ila anakula.

Mkamwana alifurahi kupita kiasi. Hata hivyo hakusema kitu, akiamini kazi yake itamsemea. Hapo ndipo mimi huishiwa subira na watu wapole. Kazi haina mdomo.

Mchinjaji alikuja asubuhi na pikapu yake. Alimzunguka Mheshimiwa, akampapasa mgongo, akacheka.

"Mama, uliniambia nije kubeba mifupa. Mbona huyu kanona?"

"Kalishwa madini," mama mkwe alisema kwa fahari. "Mkwe wangu huyu ana mkono wa baraka."

Bei ikapanda hapohapo, wakapeana mikono. Mheshimiwa alipanda kwenye pikapu akifuata ndoo ya pumba, bila kusukumwa na mtu.

Mkamwana alisubiri mpaka gari lilipotoka getini.

"Mama, nilidhani utamwacha."

"Kwa nini?"

"Si amepona?"

"Amepona, ndiyo maana kauzika. Mwanangu, uliniomba wiki, nikakupa. Kuna kingine uliniomba nikakunyima?"

"Hapana, mama."

Alikuwa na hasira nyingi, wala hakujua azielekeze kwa nani. Aliokota ndoo, akaiweka chini tena.

"Na kama ningekuomba nguruwe mwenyewe," alisema, "ungenipa?"

Mama mkwe alifikiri kidogo. Alikuwa na mabaya yake, lakini uongo haukuwamo.

"Ningekupa," alijibu. "Si alikuwa wa kufa tu yule? Ningekupa siku ileile."