Asilimia Thelathini za Liuli

Tangu umeme ukatike jana nilikuwa na namba moja tu kichwani: thelathini. Bajaji yangu ni ya umeme, na kutoka hapa Mbaha mpaka hospitali ya Liuli, kwa matope haya, inakula asilimia ishirini na nane ya chaji. Nikajiwekea thelathini. Kilichozidi hapo kilikuwa cha mashine ya Mama.

Mama Kunigunda ni mama mkwe wangu. Mapafu yake yamechoka, anapumua kwa mashine ya oksijeni ambayo wifi yangu aliinunua Dar ikiwa imeshatumika. Umeme ukikatika naisogeza bajaji hadi dirishani, napitisha waya kutoka kwenye inveta iliyo chini ya kiti, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, mashine inaendelea kuvuma. Nilishapiga hesabu: hadi saa kumi jioni tungekuwa salama, na kama umeme haujarudi, nampakia tunakwenda.

Wageni sikuwahesabu.

Saa nne jumuiya yetu ya kanisani ilikuja kumwombea, watu kumi na mmoja. Niliwaamkia wazee, nikatandika mikeka. Niliporudi na chai nikakuta ekstensheni kwenye inveta yangu, simu tisa zinachajiwa, na spika ya kwaya imechomekwa pembeni. Simu nilizivumilia. Spika ile ndiyo iliyonichoma roho, maana Mzee Stephano, mwenyekiti wetu, ana sauti ambayo haijawahi kuhitaji spika.

Nikajiambia, rozari moja wataondoka. Wakasali, wakaimba, wakaanza na sala za marehemu. Kila nikipita na birika nilichungulia kioo cha bajaji kinachoonyesha chaji: hamsini na tano, arobaini na nane, arobaini. Macho yakiwa huko, nikaimwagia chai sketi ya Gertrude, mmoja wa wanajumuiya. Lakini mtu aliyekuja kumwombea mgonjwa wako utamwambiaje achomoe? Na Mama alikuwa ananikodolea macho kutoka kitandani. Macho hayo nayajua, alinitolea mwaka ule niliposahau kuwapa wageni wake maji ya kunawa.

Saa nane kasoro, thelathini na moja. Mzee Stephano akatangaza wimbo wa mwisho, kisha akakumbuka mwingine.

Nilienda nikachomoa kila kitu. Spika ikakatika katikati ya neno.

“Baba, mtusamehe,” nikasema. “Chaji iliyobaki ni ya kumfikisha Mama Liuli.”

Hakuna aliyekasirika. Wanaume walimbeba na godoro lake, na Mzee Stephano akaisukuma bajaji kwenye matope mpaka suruali yake ya ibada ikaharibika. Njiani mashine ilizimwa, isingewezekana vinginevyo, nami niliendesha nikisikiliza pumzi za Mama nyuma yangu. Zilipokawia, niliita jina lake. Tulifika na asilimia mbili.

Jioni, akiwa amewekewa oksijeni ya wodini, nikapiga magoti nikamwomba radhi kwa kuwafukuza wageni wake.

“Tangu asubuhi nakuangalia, nangoja uwafukuze,” akasema.

“Sasa mbona hukusema, Mama?”

Akavuta pumzi mara mbili kwanza.

“Nyumba ni yako, mwanangu. Mimi ningesemaje?”

Miaka kumi na minne nimeishi katika nyumba ile nikidhani ni yake.