Mtaro wa Mama Mchanga

Kila asubuhi, kabla wakubwa hawajaanza kazi, mhandisi mdogo wa shirika la umeme la jiji alichemsha maji ya chai na kupanga vikombe kwenye sinia. Hakuna aliyemtuma. Alipenda tu kuwa na kitu cha kushika, maana watu wakianza kuongea, maneno yake yote humkimbia. Asubuhi hiyo birika lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuimba, likanyamaza. Feni nayo ikajizungusha kivivu, ikasimama.

"Shirika la umeme halina umeme!" mhasibu akapiga kelele kutoka chumbani kwake. "Jamani, tujishtaki wenyewe!"

Mhandisi mkuu akatokea mlangoni, kakunja uso. "Ni yule Mama Mchanga. Ameomba mtaa mzima uzimwe. Hebu nenda kaangalie, binti. Ukirudi tu, tunakaa tuchague mkandarasi."

Laini mpya ya kwenda hospitali ya jiji ilikuwa ipite chini ya ardhi, na wakandarasi waliobaki walikuwa wawili, Mama Mchanga na Chapchap. Ili kuwapima, kila mmoja alipewa kipande cha mtaa wa ofisi: achimbe, alaze waya, afukie. Chapchap alishamaliza tangu jana. Na yeyote atakayepewa kazi, mhandisi mdogo ndiye atakayeshuka naye mitaroni kumkagua, kutwa kucha, mpaka hospitalini.

Nje alikuta kikosi cha Mama Mchanga kimekaa kando ya mtaro, makoleo chini. Akachungulia, akasahau alichotumwa. Kuta za mtaro zilikuwa zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Chini palitandikwa mchanga uliochekechwa ukalainika kama unga, kusiwe na kijiwe cha kuung'ata waya polepole miaka na miaka. Ni mchanga huo uliompa mama yule jina. Matofali ya njia ya miguu yalipangwa pembeni, kila moja na alama ya chaki, lirudi pale pale lilipotoka. Mhandisi mdogo alisomea kazi hii chuoni, lakini hakuwahi kuiona ikifanywa kwa mapenzi namna hii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunigombeza?"

"Nimetumwa kukugombeza."

Mama Mchanga akaangua kicheko, kisha akaelekeza kidole ndani ya mtaro. Waya mweusi, wa zamani, ulikuwa umejitokeza ubavuni. "Kwenye ramani yenu haumo. Na kabla hamjatuzimia, kipimo cha umeme kiliwaka. Una moto, huo! Dada huyu wa chekecheo, anayetuchekechea mchanga, ndiye aliyeuona, akasema simameni. Kwangu mimi yeyote akisema simameni, tunasimama."

"Na akikosea?"

"Juzi alitusimamisha kwa mzizi wa mti!" mchimbaji mmoja akadakia. Kikosi kizima kikacheka, na dada wa chekecheo akajifunika uso kwa viganja, naye akicheka.

"Tulimcheka, tukamshukuru," alisema Mama Mchanga. "Ningemkaripia juzi, leo angenyamaza. Na leo ningekuwa nimebeba maiti."

Mhandisi mdogo akaufuata waya ule kwa macho. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kipande cha Chapchap, ambaye alikuwa ameegemea gari lake, anakunywa soda.

"Samahani, kaka. Kwako... uliukuta waya wa zamani?"

"Mkuukuu ule? Niliukuta, nikaufukia, nikasonga mbele. Ulitaka niubembeleze?"

Kwenye kikao madirisha yaliachwa wazi, maana feni ilikuwa bado imelala. Mhandisi mdogo akaeleza habari ya waya, kwa sauti ya chini hata mhasibu akamwinamia kama anayesikiliza mtoto mchanga.

"Sawa, tutauchora kwenye ramani," alisema mhandisi mkuu. "Lakini hospitali inasubiri. Mama yule kazi yake nzuri, sikatai, ila kila akiona kamba atatuzimia jiji. Chapchap ana kasi. Tumpe Chapchap?"

"Tumpe," alisema mhasibu.

"Na wewe, binti?"

"Nilikuwa nafikiri... labda..."

"Kwa hiyo umekubali."

Mikono yake ilitafuta kikombe. Hakikuwepo. Akamkumbuka dada yule, aliyechekwa kwa mzizi na bado akafungua tena kinywa chake.

"Hapana."

"Hapana nini? Ongea na sisi, binti, usiongee na meza."

Akainua uso. "Sitaki apewe Chapchap. Mimi ndiye nitakayeshuka humo, bosi. Chapchap aliuona waya akaufukia, na asingetuambia mpaka uue mtu. Mama Mchanga aliuona akatukera asubuhi nzima, na watu wake wote wako hai, wanacheka. Kazi apewe Mama Mchanga. Hilo ndilo nililotaka kusema tangu nilipoingia."