Matairi ya Nyuma ya Mzee Ebenezeri

Nesi Elizabeth alikuwa amestaafu kazi ya zahanati, lakini macho yake yalikuwa bado kazini. Jumanne moja asubuhi, gari lake na mumewe Mzee Ebenezeri, Cresta ya rangi ya maziwa, lilipoinuliwa kwa jeki kwenye gereji ya Praygod kule Soweto, mjini Moshi, alivaa miwani, akainama, akalikagua tairi la nyuma la kulia kama anayemkagua mgonjwa aliyeficha maradhi.

Matairi yale yalikuwa na miezi mitano tu. Ya mbele yalikuwa na kashata nzuri, mifereji ya tairi ambamo kucha inazama. La nyuma la kushoto lilikuwa limechoka. Lakini hili la kulia lilikuwa kipara kitupu, linang'aa, nyuzi zimeanza kuchungulia.

"Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma, mama," Praygod alieleza, akijifuta mikono kwa tambara. "Ya mbele yanakata kona, ya nyuma yanabeba mzigo wa kusukuma. Lazima yaishe mapema. Ndiyo maana kila baada ya kilomita elfu nane hivi tunayahamisha. Ya nyuma yanakuja mbele moja kwa moja. Ya mbele yanakwenda nyuma kwa kupishana, la kulia linakwenda kushoto na la kushoto kulia. Hapo yanakwisha sawasawa."

"Sawa. Na hili moja limemkosea nani?"

"Labda upepo, mama."

"Upepo ukizidi tairi linaliwa katikati, ukipungua linaliwa pembeni. Uliniambia wewe mwenyewe mwaka jana. Hili limeliwa lote."

"Basi alaimenti, magurudumu hayajanyooka."

"Alaimenti ya nyuma tu? Tena kulia tu?"

Praygod akaanza kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketi Mama Sunil, yaani Dhanbai, mke wa Mzee Rajendra aliyeuza bati na misumari mjini miaka arobaini kabla ya kumwachia mwanawe duka. Benzi lao la zamani lilikuwa juu ya jeki ya pili. Dhanbai alisikiliza, akainuka polepole, akakusanya ncha ya sari yake.

"Mama Brenda," alimwita Elizabeth, "njoo utazame la kwangu."

Elizabeth akaenda. Benzi nalo lilikuwa na kipara nyuma, ila chake kilikuwa kushoto.

Wanawake wawili wakatazamana. Halafu Elizabeth akaingiza kidole ndani ya rimu ya Benzi, akachomoa udongo mwekundu uliochanganyika na maganda makavu ya kahawa. Akarudi kwenye Cresta, akachomoa udongo uleule.

"Mume wako huwa anakwenda wapi siku za Alhamisi?" akauliza.

"Mazoezi ya mgongo, Bomang'ombe. Daktari alimwambia. Na wako?"

"Kikao cha ushirika. Bomang'ombe hiyohiyo."

Wakamgeukia Praygod. Yeye alikuwa ameshaingia chini ya gari ambalo halikuwa na ubovu wowote.

"Praygod," Elizabeth aliita kwa sauti ya wodini, "mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Ulitoka miguu kwanza, ukatusumbua usiku kucha. Toka hapo chini."

Praygod akatoka, safari hii kichwa kwanza. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na mke, lakini alisimama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Wameniapisha, mama," akasema. "Siwezi kusema wanafanya nini. Lakini hakuna mwanamke. Hilo naapa."

Elizabeth hakujua kwamba alikuwa akilingoja neno hilo hadi alipolisikia. Mwezi mzima alikuwa amemwona mumewe, mzee wa kanisa, akirudi Alhamisi jioni anapiga mluzi, shati limeloa jasho, macho yanacheka. Alikuwa amelia mara moja, jikoni, huku akimenya ndizi, akausingizia moshi.

"Vema," alisema. "Na ukiwapigia simu kuwaonya, nitakwenda kwa mama yako leo hii."

Alhamisi ilipofika, nyumbani kwao Masama, Mzee Ebenezeri alikunywa chai yake, akachukua faili lake la vikao, akamuaga mkewe kwa upole wa kutia shaka. Gari lilipotoweka kwenye migomba, Dhanbai alikuwa ameshashuka kwenye bodaboda nyuma ya nyumba, amevaa raba chini ya sari na ameshika mwavuli. Mumewe aliambiwa kwamba amekwenda sokoni kufuata ndizi.

Elizabeth hakuhitaji kuulizia njia. Pale Masama maganda mengi ya kahawa yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye kiwanja cha mtambo wa zamani wa kumenyea kahawa, uliofungwa miaka mingi. Waliteremka kwa njia ya mfereji, Dhanbai akilalamikia upupu. Kabla hawajafika wakasikia injini inanguruma, kisha matairi yakilia, kisha kicheko.

Elizabeth akasimama. Kicheko kile alikifahamu. Hakuwa amekisikia tangu Brenda, binti yao, alipoolewa.

Walichungulia kati ya migomba. Katikati ya kiwanja kulikuwa na pipa tupu. Cresta ilikuwa ikilizunguka kwa upande wa kulia, mkia wake unateleza, tairi la ndani linafukua udongo na kurusha maganda juu kama kuku anayepekua. Ndani yake Mzee Ebenezeri alikuwa ameng'ata ulimi. Kando, Mzee Rajendra alikuwa amesimama na saa mkononi, mgongo wake wenye maradhi umenyooka kama mlingoti.

"Sekunde kumi na tisa!" alipiga kelele. "Lakini umegusa pipa!"

"Sikugusa! Rajendra, wewe ni mwongo!"

"Na mimi nimeona kwamba umeligusa," alisema Elizabeth, akitokea migombani.

Injini ikazimika yenyewe. Mzee Ebenezeri alishuka, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mama Brenda, kikao kiliahirishwa…"

"Naona wajumbe ni wawili."

Dhanbai alimzunguka mumewe taratibu, akamgonga kiunoni kwa mpini wa mwavuli. "Mgongo unaendeleaje?"

"Unapata nafuu," Rajendra alijibu kwa sauti ndogo.

Elizabeth alinyoosha mkono, akapewa funguo. Wazee wawili walikuwa wamesahau, au hawakupata kuuliza, nani aliyeendesha Landrova ya zahanati miaka kumi na moja, masika kwa kiangazi, na wajawazito nyuma wakipiga kelele. Alisogeza kiti mbele, akafunga mkanda, akaondoka taratibu. Akalizunguka pipa kulia, kisha kushoto, akaongeza mwendo kwa mguu mwepesi, wala hakuna ganda lililoruka.

"Sekunde ngapi?" akauliza dirishani.

Rajendra alitazama saa, akaitikisa. "Kumi na sita."

"Mnazungusha tairi badala ya kuzungusha gari," alisema Elizabeth. "Na kila mmoja anageukia upande mmoja tu. Ndiyo maana mmeumbuliwa na vipara."

Adhabu ilitolewa papo hapo. Jumamosi iliyofuata, gerejini Soweto, Mzee Ebenezeri na Mzee Rajendra walipiga magoti wenyewe kwenye mafuta machafu. Vile vipara vilitupwa pamoja na matairi wenzake ya nyuma, matairi mapya yakafungwa mbele, na ya mbele yakahamishiwa nyuma kwa kupishana, nati moja baada ya nyingine. Praygod alikatazwa kugusa spana. Kazi yake ilikuwa kumimina chai ya maziwa kwa kina mama waliokaa kivulini na kukosoa.

"Hiyo nati haijakaza, Baba Brenda."

"Imekaza."

"Kaza tena."

Alhamisi zikaendelea, ila sasa watu walikuwa wanne. Katika mwezi wa pili wa Alhamisi hizo Dhanbai, ambaye katika miaka yake sitini na sita hakuwahi kushika usukani, alisema naye anataka. Rajendra alikaa pembeni yake, ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili, anamwomba Mungu kwa Kigujarati.

"Pole pole," Elizabeth alimwelekeza kupitia dirishani. "Mguu mwepesi, Mama Sunil. Mwepesi."

Dhanbai akaitikia kwa kichwa, akaweka vizuri sari yake, akakanyaga mafuta mpaka chini.