Mpe Simu Anayefua

Katika ofisi yetu ya matangazo ya utalii kuna kazi tunayoiita kupiga jani. Mwenye kambi ya watalii anapiga simu, anasema kambi yake inatunza mazingira, nami nabandika picha ya jani la kijani kwenye tangazo lake. Akisisitiza, namwongezea jingine. Miaka sita nimepiga majani, na nimechoka hadi rangi yenyewe siipendi tena.

Jumanne dada yangu, mkunga, aliingia na sare yake ya kazini. Likizo yake ya kwanza baada ya miaka minne ilikuwa ianze Jumatatu iliyofuata. Alijitupa kitini, akavua viatu, akaniwekea tangazo mezani.

"Hawa wana majani matatu," alisema. "Mdogo wangu, nataka kupumzika mahali ambapo hakuna mtu anayeumia kwa ajili yangu. Nakuamini wewe. Ni pazuri kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo, mdomo umeshazoea. Lakini mficha uchi hazai, na mbele ya mkunga ndiyo kabisa. Nikapiga simu kambini. Meneja hunipa maneno yale yale kila siku, kwa hiyo niliomba anipe anayefua mashuka. Nikaweka spika ili dada asikie.

"Mama, maji ya kufulia mnatoa wapi?"

"Kisimani," mfuaji alijibu. "Kilikuwa cha kijiji. Siku hizi kambi imekizungushia ua, nyumbani tunachota bondeni. Lakini msiache kuja, jamani. Wageni wakikosekana tunaachishwa kazi."

Dada alifumba macho.

"Kumbe hata kupumzika ni kazi," alisema. Kisha akanigeukia. "Haya majani aliwapa nani?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinyoosha mkono, akachukua simu, akazima spika.

"Samahani mama, huko kijijini kuna mwenye chumba cha kukodisha?" Akasikiliza. "Kwa mkweo? Sawa. Ndiyo, kuchota maji naweza. Na wewe ukipata likizo utakwenda wapi?" Akasikiliza tena, akacheka kile kicheko chake cha uchovu. "Kulala tu? Hata mimi, mama. Basi tutalala."

Aliandika namba ya mfuaji kiganjani kwa kalamu yangu, akavaa viatu. Alipofika mlangoni nikamwuliza kama nimtafutie usafiri wa kumfikisha kijijini.

"Asante, mdogo wangu," alisema. "Nitamwuliza yule mama."