Dereva Hatumtaki

Mama aliinua kijiko cha supu, Baba akageuza uso ukutani. Tangu juzi alikuwa amegoma kula.

"Wewe mzee, umenuna nini?" Mama alimuuliza.

Kiharusi kilikuwa kimemwachia Baba macho, shingo na mguu wa kulia, basi. Ulimi na mikono vilikuwa vimelala.

Mimi nilikuwa sakafuni kando ya kitanda, nikihangaika na kompyuta na pedali yenye vitufe vitatu, ile wanayokanyaga wachapaji wakisikiliza rekodi. Nilitaka Baba akikanyaga, kompyuta imsemee: Ndiyo. Hapana. Njoo. Maneno hayo niliyarekodi kwa sauti yangu, ambayo kwenye simu watu huidhania ya Baba. Kilichobaki ni kuiunganisha pedali, na njia zilikuwa mbili. Ningeweza kuandika dereva, yaani programu inayoingia hadi kwenye kiini cha mfumo na kukiendesha kifaa kutoka humo humo. Au skripti, programu fupi inayokaa nje na kuisikiliza pedali tu. Kuandika dereva ni kazi ya mafundi wenye majina, nami niliitamani kama mtoto anavyotamani viatu vipya. Wiki nzima nilimpigia mwenzangu wa kazini simu mle mle chumbani: dereva wa zamani hafai, tunamwondoa, dereva mpya yuko karibu kuanza kazi.

Asubuhi hiyo dereva wangu aliigandisha kompyuta nzima. Haikusikia kitufe wala kipanya, mpaka nikachomoa waya ukutani.

"Ikiganda hivyo nami niko jikoni," Mama alisema, "ataniitaje?"

"Nitaizima, niiwashe upya."

"Wewe utakuwa kazini."

Skripti ikianguka huanguka peke yake, na mfumo huiinua tena kabla hujapepesa macho. Dereva akianguka, anaangusha na nyumba.

Mama alikirudisha kijiko bakulini. "Halafu huyo dereva wako mpya, ndiye atakayepewa lori?"

Baba aligeuka kutoka ukutani. Alinikazia macho, na macho yenyewe yalikuwa mekundu. Lori lake lilikuwa uani, chini ya turubai. Maisha yake yote hakumwachia mtu usukani. Nikazikumbuka simu zangu za wiki nzima.

"Baba, lori hajapewa mtu na hapewi. Dereva ni jina la programu tu. Na hata huyo namfuta sasa hivi. Dereva hatumtaki."

Mama alicheka hadi akajifuta machozi. Alipoinua kijiko tena, Baba alifungua mdomo, akala bakuli zima, akaongezwa.

Jioni skripti ilikuwa tayari: mistari michache, hata aibu kumwonyesha mwenzangu. Niliiweka pedali chini ya mguu wa Baba. Mama alikuwa ameenda kuosha vyombo.

Baba alikanyaga.

"Njoo."

Vyombo vilinyamaza jikoni. Mama akatokea mlangoni, povu limemfika viwikoni, akamtazama Baba badala ya kunitazama mimi.

"Unataka maji?"

"Hapana."

"Nikugeuze?"

"Hapana."

"Sasa unaniitia nini?"

Baba alifikiri kidogo, akakanyaga tena.

"Njoo."

Mama alijifuta mikono kwenye gauni, akavuta kiti, akakaa.