Yaya wa Nne na Sare ya Jitu

Naapa, na mkono wangu wa kushoto uko juu ya cherehani wakati wa kulia unaandika, kwamba haya yote ni kweli tupu. Sijaongeza hata uzi mmoja. Ukimsikia mtu anasema yule mzee wa ghorofa ya tatu ni mwongo, mwambie kwanza apande ngazi zetu hamsini na nne. Akifika juu hatakuwa na pumzi ya kunisengenya.

Mimi ni fundi lifti mstaafu. Miaka thelathini na minne nimepandisha na kushusha watu, na nilipostaafu nikahamia kwa binti yangu, kwenye jengo lisilo na lifti. Anayetaka kucheka acheke. Binti yangu alikuwa fundi wa sare za shule. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia, majora ya kitambaa cha buluu na kijivu yameegemea ukuta kama wageni waliochoka, na vumbi la chaki mpaka kwenye sukari. Alikufa kwa homa ya siku nne. Nimeiandika haraka hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, haraka.

Aliacha mume, mwokaji wa kiwanda cha mikate, ambaye mimi humwita Mkwe tu. Aliacha msichana wa miaka sita tunayemwita Karani, kwa sababu hasahau kitu na anakuhoji kama anakujazia fomu. Aliacha na Kifungo, mvulana wa miaka miwili na nusu, ambaye ukimwona utajua jina limetoka wapi.

Na aliacha sheria. Aliitunga mwenyewe akiwa na miaka saba, alipochoshwa na hadithi zangu. Anayekamatwa na uongo ndani ya nyumba yetu anasimama wima, anaweka mkono juu ya cherehani, ambayo wakati huo ilikuwa ya mama yake, na analipa faini. Faini ni kweli moja, mbichi, ambayo hakutaka kuisema. Kweli iliyokwisha kujulikana haipokelewi. Na anayekamata sharti awe na shahidi, maana zamani mimi nilikuwa nakana. Kwa sheria hiyo nimelipa mengi maishani. Ndivyo mke wangu alivyokuja kujua kwamba fundi mzima wa lifti, mwenye cheti, nilikuwa naogopa kupanda lifti.

Siku tuliyomzika, watoto waliachwa kwa jirani. Kesho yake Karani alisimama katikati ya chumba akauliza, "Mama anarudi lini?"

Mkwe aligeukia ukuta. Mimi nilifungua mdomo nikiwa sijui kitakachotoka, na likatoka jitu.

"Mama ameitwa kazi ya dharura," nikasema. "Kuna jitu linaanza darasa la kwanza, na mafundi wote wameshindwa kulishonea sare. Vifungo ni vya ukubwa wa mfuniko wa sufuria. Utepe wa kupimia umeishia gotini. Mama akitaka kupima kiuno, anabeba chakula cha njiani."

"Akimaliza anarudi?"

"Akimaliza. Shida ni kwamba jitu lenyewe linakua. Akishamaliza mguu wa kulia wa suruali, wa kushoto umeshakuwa mfupi."

Kifungo alicheka. Karani hakucheka, aliniangalia tu, kisha akaenda kuvaa viatu. Mkwe hakusema neno, na mimi nikahesabu ukimya wake kuwa ni ruhusa.

Wiki mbili za kwanza nililea watoto mwenyewe, Mkwe akiwa anahangaikia makaratasi ya hospitali na ya kiwandani. Wiki ya tatu nilisinzia kwenye kiti. Niliposhtuka, Kifungo alikuwa ameshuka ngazi zote hamsini na nne. Muuza duka wa chini alimkuta ukingoni mwa barabara, anapangusa taa ya gari lililoegeshwa kwa kofia yake, magari mengine yanapita pembeni.

Jioni ile dada yake Mkwe alipiga simu. Anakaa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Aliongea kwa sauti kubwa nikamsikia nikiwa jikoni: "Nakuja kuwachukua watoto! Mzee mwenyewe anahitaji wa kumlea!"

Mkwe akaja kukaa mbele yangu. Mikono yake ilikuwa imeanza kupoteza ile harufu ya mkate, hajaenda kazini siku nyingi.

"Baba," akasema, "Jumatatu narudi kiwandani. Tusipopata yaya kabla ya Jumapili, dada anakuja kuwachukua. Sina njia nyingine."

"Tutapata."

"Basi wahoji wewe. Mimi nimejaribu." Alikuwa amejaribu kweli, kwa simu. Alifika mahali pa kuuliza, "Unajua kusuka nywele za mtoto wa..." akaingia bafuni akafungulia bomba.

Tangazo niliandika mimi, muuza duka akalibandika mlangoni pake: *Anatakiwa yaya. Watoto wawili, wapole. Babu mmoja, si mpole sana.*

Wa kwanza alikuja Jumatano, binti mchangamfu, kucha ndefu. Nilimuuliza swali langu moja tu: "Watoto wakikuuliza mama yao yuko wapi, utasemaje?"

"Jamani, maskini. Nitawaambia amelala."

"Mtu aliyelala huamshwa," nikamwambia. Kisha nikamnong'oneza kwamba Kifungo amewahi kumeza saa ya ukutani, na mpaka leo tumbo lake linagonga kila ikifika saa kamili. Alitazama saa yake, zilibaki dakika tano, akaaga.

Wa pili, Alhamisi, alikuwa mama mkavu mwenye daftari. Alijibu kwamba mtoto aambiwe mambo yalivyo, akilia atanyamaza. Huyo nilimweleza kwa huzuni habari za mamba wetu wa bafuni, kwamba hana tabia mbaya ila hapendi watu wageni. Wa tatu, Ijumaa, alianza kulia kabla sijamaliza swali, ikabidi mimi ndiye nimtafutie kitambaa. Hata mamba sikumhitaji.

Mkwe alipouliza kila jioni, nilimjibu, "Ngazi, mwanangu. Wanaziogopa ngazi."

Alikuwa ameshaanza kukunja nguo za watoto kwenye begi la kijani. Hakuficha. Alizikunja pale pale sebuleni, soksi ndani ya viatu, kama alivyokuwa akifanya marehemu.

Jumamosi alasiri alifika wa nne. Mwanamke wa makamo, mfupi, begani amebeba mkoba mzito. Alisimama mlangoni akivuta pumzi.

"Shikamoo, baba. Ngazi hamsini na nne."

"Marahaba. Umehesabu?"

"Nahesabu kila ninapokwenda kulea. Na huu mlango wenu hauna komeo la juu." Akatoa kandambili mkobani, akavua viatu, akavaa kandambili zake kama mtu aliyerudi nyumbani. "Mdogo ameshawahi kushuka?"

Nikaangalia kandambili zake. Alinitazama mara moja tu, akaliacha.

Nikamuuliza swali langu. Nikamwongezea na jitu lote, vifungo, utepe, mguu wa kushoto, ili ajue anachotakiwa kukishika.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Ni hadithi nzuri," akasema. "Lakini mimi sitaisema."

"Basi utawaambia amekufa? Wewe, mtu wa kuja?"

"Wala hiyo si yangu kuisema, baba. Miaka ishirini nalea watoto wa watu. Nawafulia, nawalisha, nawaogesha, usaha wa masikio natoa. Ila habari ya mama yao siibebi mimi. Mtoto akiniuliza, nitamshika mkono nimlete kwa mwenye habari."

"Na mwenye habari akikataa?"

"Tutasimama pale pale mpaka achoke."

Nilikuwa namtafutia mamba. Wallahi, mamba alikuwa ameshafika kwenye ulimi. Lakini yule mama aliinuka akasema, "Mkubwa yuko wapi? Mimi sionyeshwi nyumba na watu wazima. Mtoto ndiye hunionyesha. Mtu mzima ananionyesha sebule. Mtoto ananionyesha anapoogopa."

Karani akatokea nyuma ya pazia la chumbani kana kwamba alikuwa anangoja kuitwa. Wakaenda. Niliwasikia wakipita: jikoni, "hapa jiko linawashwa hivi", chumbani, "huyu analala kwa ubavu huu, ukimgeuza analia", bafuni, "babu anasema kuna mamba lakini hamna." Halafu chumbani kwangu. Pale walikawia.

Waliporudi walikuwa wameshikana mikono. Karani alikuwa amebeba kitu kifuani.

"Ameniuliza," yaya akasema. "Nimemleta."

Karani akafungua kiganja. Ilikuwa miwani ya mama yake, ile ya fremu nyekundu, mkono mmoja umefungwa kwa uzi wa buluu.

"Ilikuwa kwenye koti lako," akasema. "Mama haoni tundu la sindano bila miwani. Mimi ndiye namtungia uzi akiisahau. Sasa huko kwa jitu, nani anamtungia?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema jitu limemnunulia miwani nyingine, ya vioo vikubwa kama madirisha. Sentensi ilikuwa imekamilika kabisa, na viungo vyake vyote.

"Nimekukamata, babu. Na shahidi yupo."

"Umeipata leo?"

"Siku nyingi. Baba nikitaka awe shahidi, anaondoka. Na wale mayaya wengine ulikuwa unawafukuza kabla sijatoka chumbani."

Nyuma yangu ubao wa sakafu ukalia. Mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, Kifungo begani amelala, na soksi moja ya mtoto mkononi mwake.

"Unawafukuza?" akauliza polepole. "Si ulisema ngazi?"

Nikasimama. Magoti yangu hayapendi kusimama bila kushikilia, lakini sheria ni sheria. Niliondoa kitambaa tulichofunikia cherehani, nikaweka mkono juu ya chuma. Kilikuwa cha baridi. Zamani kilikuwa na joto kila ulipokigusa.

"Mama yako amekufa," nikasema. "Hakuna jitu. Hatarudi."

Karani hakushusha macho.

"Hiyo si mbichi," akasema. Sauti ilikuwa imekuwa ndogo sana. "Hiyo nilishaijua. Tangu siku ile ya kwa jirani, wote walikuwa wananipa biskuti. Lipa nyingine."

Nikamtazama yaya. Hakunisaidia. Nikamtazama Mkwe. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, hakugeukia ukuta.

Na hapa, msomaji, nawe unidai, maana nilikuambia homa ya siku nne. Si kweli. Siku nne ni zile alizolala hospitali.

"Mama yako aliniambia mimi kwanza," nikasema. "Wiki nzima kabla. Alikuwa hapa, kwenye kiti hiki, anapinda sketi. Akasema, baba, mwili unaniwaka, nadhani niende hospitali. Nikamwambia huo si ugonjwa, cherehani imechemka imemwambukiza, tumpeleke kwa fundi akamtie mafuta. Akacheka. Alicheka mpaka akaweka sketi chini. Kisha akaendelea kushona. Kesho yake akasema tena, nikamchekesha tena. Siku ya tatu hakusema."

Kutoka chini tulisikia muuza duka anavuta mlango wake wa chuma.

"Niliwafukuza kwa sababu mahali pake pakiendelea kuwa wazi, nilikuwa naona kama bado ni pake. Yaya akija, basi binti yangu amekwenda kweli, na mimi ndiye niliyemkalisha hapa akicheka."

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya cherehani. Mwenye kuuondoa ni aliyekamata. Hiyo nayo ni sheria. Karani alisogea akaushika, akaushusha kidole kimoja kimoja, halafu akaniegemea tumboni akalia, kilio kile alichokitunza tangu siku ya biskuti. Nami nililia, na sitatia chumvi: kilio changu kilikuwa kirefu na hakikuwa na sauti nzuri.

Mkwe alikuja akasimama karibu. Nilingoja aseme neno lolote, nilikuwa tayari kwa lolote. Hakunisemesha. Mpaka leo, kuhusu hilo, hajanisemesha, na mimi sijamuuliza. Alilitoa begi la kijani juu ya kiti ili nipate pa kukaa.

Kisha akamgeukia yaya. "Natoka saa kumi alfajiri."

"Nitakuwa hapa saa tisa na nusu," yaya akasema. "Ila pale mlangoni pawekwe komeo, juu, mdogo asifikie. Nimeambiwa babu ni fundi."

Nikaenda kutafuta bisibisi. Ilikuwa kwenye droo ya binti yangu, katikati ya chaki.